Nesi wa Chumba cha Vidonda

Chumba chenyewe hakipo tena. Wamekigeuza stoo ya mafaili, na pale nje palipokuwa na benchi la wagonjwa wameweka jokofu la kuuzia maji ya chupa. Nilipita mwezi uliopita kumpelekea daktari mmoja begi lake nililokuwa nimelibadilisha zipu, nikajikuta nimesimama mlangoni kama mjinga, nanusa. Miaka ishirini na mitatu mke wangu alifanya kazi mle ndani, na kila jioni alirudi na harufu ya chumba kile kwenye nywele. Ayodini, sabuni ya mche, na chini yake kitu kingine kitamutamu ambacho sitakieleza kwa sababu huenda mtu yuko mezani. Siku ile sikuisikia. Palinuka karatasi tu.

Mimi ni fundi viatu. Shule niliacha darasa la sita. Sikufukuzwa wala sikukosa ada, nilichoka. Kibanda changu kiko ng'ambo ya geti la hospitali tangu enzi hizo, na mke wangu nilimpata kwa sababu ya soli. Alikuja na viatu vyake vyeupe vya kazini, vimelika visigino kwa nje, na juu vina matone ya kahawia. Nikamwuliza, "Sista, hii ni chai?" Akasema, "Laiti ingekuwa chai." Nikacheka, naye akacheka, nikachelewesha viatu makusudi ili arudi mara tatu.

Mtu wa nje anadhani nesi ni nesi. Ukikaa ng'ambo ya geti miaka kumi unajua si hivyo. Kila nesi pale alikuwa na cheo kisichoandikwa popote. Wa chumba cha upasuaji walitembea kama waliobeba yai kichwani. Wa wodi ya wazazi walitoka na mifuko ya zawadi. Wa watoto waliitwa mama na watu wasiowajua. Wa wagonjwa wa akili watu waliwapisha njiani, eti nao watakuwa wamechanganyikiwa kidogo. Na chini ya wote hao, chini hata ya yule bwana wa kufua mashuka, alikuwa nesi wa vidonda.

Maana chumba kile kilikuwa cha adhabu. Nesi akichelewa zamu mara tatu, au akimjibu metroni kwa shingo upande, anapewa mwezi mmoja wa vidonda ajifunze adabu. Mke wangu alikiomba mwenyewe, kwa barua, kwa mwandiko wake mzuri. Metroni aliisoma mara mbili, akavua miwani, akamwuliza, "Umefanya kosa gani ambalo mimi sina habari nalo?"

Hilo alinihadithia mwenyewe akiwa anacheka. Lakini wengine hawakucheka hivyo. Kwenye chumba chao cha chai, kiti cha pembeni yake kilikuwa kinabaki wazi mpaka viti vyote vijae. Nyumbani kwangu ndiyo usiseme. Dada yangu mkubwa alikuwa anakuja kila Jumapili, na kabla hajakaa sawasawa anaanza.

"Wifi, hiyo mikono umeiosha?"

"Nimeiosha, wifi."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, na kwa dawa. Imebaki kuichemsha tu."

"Basi ichemshe, sisi tuna njaa lakini tutasubiri."

Watu wote mezani wanacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, tena nikigonga meza. Jirani yangu wa kibandani, fundi saa, naye alikuwa na lake. Mke wangu akipita asubuhi anamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo shemeji," kwa mzaha, maana wako rika moja. Akishaingia getini ananigeukia mimi. "Wenzako wake zao wakirudi wanawapa habari za watoto waliozaliwa. Wewe jioni unapewa habari za usaha."

Siku moja, mwanzoni kabisa, niliwahi kumwuliza kwa nini alikiomba. Tulikuwa tunatembea kwenda kazini, yeye mbele kidogo kama kawaida yake, mkoba begani. Hakugeuka. Akasema, "Wodini mtu anapona, hujui ni dawa, ni daktari, ni Mungu, au ni mwenyewe. Kidonda nakiona. Leo kiko hivi, keshokutwa kimeingia ndani kidogo. Nakiona kwa macho yangu." Nikasema, "Haya." Ndilo jibu nililompa. Asubuhi zile zilikuwa nyingi mno, nikadhani haziishi, sikuona haja ya kusikiliza vizuri.

Basi, mwaka wake wa kumi na moja mle chumbani, ikatokea nafasi kwenye chumba cha upasuaji. Metroni alimwita mwenyewe, akamwambia una mikono mizuri, unaipotezea huko. Angeanza tarehe moja ya mwezi unaofuata. Mke wangu akaja na fomu nyumbani, akaiweka juu ya redio, ikakaa wiki mbili.

Wiki mbili hizo sikumwacha apumue. Nikianza asubuhi namalizia jioni. Na siku moja, anaosha vikombe, nikamwambia neno ambalo nikilikumbuka hadi leo natamani kulimeza.

"Hebu na wewe uwe nesi kama manesi wengine."

Alimaliza vikombe, akavifuta kimoja kimoja, akaenda kuichukua fomu akaijaza kwa kalamu yangu ya kuchorea ngozi. Kesho yake nilimtangazia fundi saa kabla hata sijafungua kibanda. Dada yangu nilimpelekea habari kwake, na sikuwahi kumpelekea habari nyingine yoyote kwa miguu yangu mwenyewe.

Wiki hiyohiyo ndipo alipokuja tarishi.

Nasema tarishi kwa sababu ndivyo watu wote walivyomwita, ingawa alikuwa amestaafu. Alikuwa mzee mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na miguuni amevaa raba kuukuu alizozikanyaga visigino. Alikuwa na sukari. Mke wangu alikuwa amewahi kumtibu kidonda cha unyayo miaka miwili nyuma. Sasa alimtuma kwangu na kikaratasi.

Kikaratasi kilisema: sandali, wazi mbele, pana kuliko mguu, soli laini, mikanda ya kufunga na kulegeza, ndani kusiwe na mshono hata mmoja.

"Umesoma?" tarishi akaniuliza.

"Nimesoma."

"Mkeo ananivalisha kama mtu anayekwenda bafuni."

"Ni mambo ya hospitali hayo, mzee."

"Sikiliza, fundi. Nimekuwa tarishi miaka thelathini na miwili. Nimeingia ofisi za wakubwa ambazo wewe hata zulia lake hujaliona. Sikuingia hata siku moja vidole vyangu vikichungulia. Nitengenezee viatu vya mtu mzima. Vyeusi, vya kamba."

"Mama watoto atasema."

"Mama watoto ni fundi viatu?"

Hapo aliniweza. Nilijiambia, kweli bwana, mtu wa kufunga bandeji anajua nini habari za viatu. Nilikuwa na kipande cha ngozi ya ndama nilichokiweka miaka miwili nikingoja mguu unaokistahili. Nikamsimamisha juu ya kadibodi, nikamchora nyayo zote mbili. Nilifanya kazi siku nne. Sijifagilii, lakini viatu vile vilikuwa viatu. Nilivipeleka karibu na ngozi ya mguu, maana ngozi ya ndama inatanuka, ukiilegeza mwanzoni baada ya mwezi mteja anaogelea. Na kama fundi yeyote anavyofanya, nikamvalisha, nikafunga kamba, nikamwuliza.

"Vinabana?"

Akatembea mpaka kwenye geti la hospitali, akageuka kama askari, akarudi.

"Hata kidogo," akasema. "Kama sijavaa kitu."

Katika kazi yetu hakuna sifa inayozidi hiyo. Nilimwomba airudie fundi saa asikie.

Ilikuwa siku ya nane, Jumatano. Mke wangu alirudi nyumbani na mfuko wa plastiki. Alitandika gazeti sakafuni, akavitoa viatu vile akavipanga juu yake, vizuri, kama dukani. Bitana ya ndani ya kiatu cha kulia ilikuwa imelowa na kukauka, imekuwa ngumu kama gome.

"Huu mshono ni wa nani?" akaniuliza.

Alikuwa anajua. Mimi nafunga uzi mafundo mawili halafu nalificha la pili. Mtaa mzima hakuna mwingine anayefanya hivyo.

"Wangu."

"Amevivaa siku nane, anatembea kuwaonyesha watu. Kidole kidogo kimekuwa cheusi. Kisigino kina shimo, linaingia kidole changu hiki."

"Nilimwuliza kama vinabana."

"Akasemaje?"

"Hata kidogo."

"Na ni kweli. Hakukudanganya." Akainama akagusa kifundo cha mguu wake mwenyewe. "Kuanzia hapa kushuka chini hasikii kitu. Sukari imemlia mishipa. Ungempigilia msumari angekushukuru kwa kazi nzuri."

Nikakaa. Nilikuwa nimesimama muda wote bila kujua.

"Karatasi yangu ulisoma?" akauliza.

"Nilisoma."

"Ukaonaje?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema mzee alinilazimisha, na nusu yake ingekuwa kweli. "Nikaona wewe si fundi viatu," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa habari aliyokuwa nayo siku nyingi. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Daktari anataka kukata kesho kutwa. Chini ya goti." Akakunja gazeti na viatu ndani yake, akaenda kuosha mikono.

Kesho yake asubuhi nilikwenda naye mpaka ndani. Nilitaka kumwomba tarishi radhi, basi, niondoke. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya geti miaka yote ile na sikuwahi kuingia chumba kile. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani. Dirisha lilipakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili wapita njia wasichungulie. Kulikuwa na toroli lenye gurudumu moja linalolia, ndoo ya kufunguka kwa mguu, stuli mbili, kitanda kirefu cha mpira mweusi. Tarishi alikuwa juu ya kitanda hicho, shati lake limepigwa pasi, mguu mmoja umefungwa.

Mhudumu wa kumsaidia hakuwa amefika. Mke wangu akanitazama juu mpaka chini.

"Nawa mikono. Utashika mguu."

"Mimi?"

"Si unaijua miguu wewe?"

Nikanawa. Nikamshika kwenye shavu la mguu, juu kidogo ya kitanda. Alimwagia bandeji ya jana maji ya chumvi na kuiacha. Mimi ningeivuta. Nilimwambia, ivute tuimalize. Akasema, "Ikivutwa inaondoka na nyama iliyoota usiku mzima. Inajitoa yenyewe." Tukangoja. Ilipojitoa, harufu ikaja, ile tamutamu, lakini si kidogo kama ya kwenye nywele. Macho yakaniingia giza.

"Geukia dirishani," akasema mke wangu bila kuinua kichwa. "Pumua kwa mdomo. Mguu usiuachie."

"Fundi," akasema tarishi, "ukitapika tapikia upande huo. Mimi nimeshaoga."

Nilipogeuka tena, mke wangu alikuwa ameinama juu ya kisigino na kibano na mkasi mdogo. Anakata kitu cheupe, kidogo kidogo, anaweka kwenye bakuli. Nimewaona mafundi wengi wakifanya kazi katika maisha yangu. Mkono unaojua unauona mara moja. Hauna haraka, na haurudii. Nilikuwa nimeoana na mkono ule miaka kumi na mbili na sikuwahi kuuona ukifanya kazi.

"Mzee," nikasema, "kosa la viatu ni langu."

"Viatu vilikuwa vizuri," akasema tarishi. "Hilo usilikatae."

Mke wangu akaweka mkasi chini. "Mzee, funga macho nimwonyeshe huyu kitu. Nikikugusa, sema."

Tarishi akafumba macho. Mke wangu akachukua kijiti cha pamba akamgusa kidole gumba. Akamgusa unyayo katikati. Akamkandamiza ubavuni mwa mguu mpaka ngozi ikabonyea. Mara tano, mara sita. Mimi nimeushika mguu, nasikia kwa mikono yangu jinsi kijiti kinavyousukuma.

"Anza basi, sista," akasema tarishi, macho yamefumbwa. "Nangoja."

Mke wangu akarudisha kijiti kwenye bakuli.

Ni wakati huo daktari wa upasuaji alipoingia. Kijana bado, mrefu, mwenye haraka ya watu wanaosubiriwa kila mahali. Hakutuamkia.

"Sista, kesho saa mbili asubuhi. Asile kitu kuanzia leo usiku."

"Daktari, naomba siku kumi."

"Za nini?"

"Nimetoa nyama iliyokufa. Chini inatoka damu, nyekundu. Na mapigo ya juu ya mguu yapo, nimeyashika jana na leo. Kidole kidogo kimeshakwenda, hicho utoe. Kisigino niachie mimi."

Daktari akatabasamu, si kwa ubaya, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Sista, wewe kazi yako ni kufunga. Ya kukata na kutokata tuachie wenyewe."

Nilimtazama mke wangu. Nilidhani atainamisha kichwa kama pale mezani kwetu Jumapili. Alikwenda kabatini, akavuta droo, akatoa bahasha ya khaki. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki nyepesi, ile ya kufunikia madaftari, kama kumi hivi. Kila kimoja kilikuwa na mstari wa kalamu na tarehe. Akavipanga dirishani, juu ya ile rangi nyeupe, vikashika kwa unyevu wa vidole vyake.

"Huyu ni huyuhuyu," akasema. "Mguu huuhuu, miaka miwili iliyopita. Wakati ule pia alipangiwa kukatwa."

Mchoro wa kwanza ulikuwa mkubwa kama yai. Wa pili umebonyea upande mmoja. Wa tano kama haragwe. Wa tisa, nukta. Wiki tisa. Daktari alilisogelea dirisha, akarudi nyuma, akalisogelea tena.

"Nani amekufundisha hii?"

"Mume wangu."

Nilidhani ananitania. Daktari akanitazama mimi, fundi wa ng'ambo ya geti, nimeshika mguu wa mtu.

"Anachora nyayo kwenye kadibodi," akasema mke wangu, "anaandika tarehe na jina la mwenye mguu, anaweka. Mteja akirudi baada ya mwaka anajua mguu umenenepa au umekonda. Nikaona na mimi nichore."

Sikuwahi kuambiwa. Kadibodi zangu zile yeye ndiye alikuwa anazifuta vumbi.

Daktari akasema, "Siku kumi. Kidole nakitoa leo. Homa ikipanda hata kidogo, usije kuniomba chochote, niite." Alikuwa ameshafika mlangoni akakumbuka. "Lakini Jumatatu si tarehe moja? Wewe si unakuja kwetu?"

"Ndiyo."

"Basi atakayekuja hapa ataendelea."

"Atafunga," akasema mke wangu. "Kufunga kila mtu anafunga."

"Nafasi ile haikungojei, sista. Kuna watu sita wanaitaka."

"Najua."

Alisema vile, lakini alikuwa ananitazama mimi. Hata daktari akageuka kunitazama. Nilijua mke wangu anangoja nini. Nilikuwa nimeshatangaza kwa kila mtu, nimejivuna na kazi ambayo hajaianza. Kisigino kile nilikitoboa mimi, kwa ngozi ya ndama na mafundo mawili. Ningesema nini?

"Mimi usinitazame," nikamwambia. "Fanya kazi yako. Mkono umeanza kuniuma."

Akageukia kisigino.

Siku kumi zile nilikwenda kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, na Jumapili zake pia. Mhudumu alikuwepo siku nyingine, lakini niliendelea kwenda. Jumapili ya kwanza dada yangu alitukuta tunatoka mlangoni, akauliza chakula kiko wapi. Nikamwambia jikoni, kipike. Hakuniamini mpaka tulipopita kona.

Fundi saa alicheka wiki nzima. "Kwa hiyo upasuaji imekuwaje?" "Haikuwa." "Na sasa ninyi wawili mko kwenye usaha?" "Tuko." Nikamwacha acheke. Nilimcheka mke wangu miaka kumi na moja, wiki moja si kitu.

Nikikumbuka asubuhi zile sasa, zinanijia zote kama asubuhi moja. Gurudumu la toroli linalia. Jua linaingia nusu ya juu ya dirisha na kutua kwenye dari. Tarishi anatusimulia habari za ofisi, bosi fulani aliyekuwa anaficha barua za mkewe kwenye faili la ukame, sekretari aliyempenda na hakumwambia. Mke wangu anasema "mm" na "kumbe" bila kuinua macho. Mimi nimeshika mguu. Nilikuwa na furaha na sikujua kwamba ile ndiyo furaha yenyewe, nilidhani ni wasiwasi.

Maana wasiwasi ulikuwepo. Siku ya nne homa ilipanda nusu nyuzi, mke wangu akakaa na mzee mpaka jioni, akimpima kila saa, na ikashuka. Siku ya saba kukawa na weusi pembeni, akaukata. Siku ya kumi daktari alikuja. Mke wangu akaweka plastiki mbili dirishani, moja juu ya nyingine, mstari wa leo ndani ya mstari wa siku ya kwanza. Kati ya mistari miwili palikuwa na nafasi ya unene wa uzi wangu wa kushonea. Uzi tu. Daktari akaitazama nafasi ile muda mrefu.

"Endelea," akasema.

Mwezi mmoja baadaye nilimsikia kwenye korido akiwaambia wenzake habari za mguu "tuliouokoa." Tuliouokoa, alisema. Nilitaka kumfuata. Mke wangu akaniambia nimshikie ncha ya bandeji, anakunja.

Sandali nilizitengeneza kwa kufuata kile kikaratasi, neno kwa neno. Nilipozimaliza, nilizipeleka kwake kwanza. Aliingiza mkono ndani, akafumba macho, akapitisha kidole taratibu kote, akasimama mahali.

"Hapa pana fundo."

"Hilo ni dogo sana."

"Fumua."

Nilifumua mara nne. Nilishonea mafundi wengine maisha yangu yote na hakuna aliyewahi kunirudishia kazi mara nne. Ya nne akanirudishia bila kusema kitu, nami nikajua imepita.

Kidonda kilifunga mwezi wa nne, siku ya Jumanne. Tarishi alikuja na shati jeupe. Mke wangu akaondoa bandeji, na pale kwenye shimo palikuwa na ngozi mpya, ya rangi ya waridi, inang'aa kama imepakwa mafuta. Akabonyeza pembeni, akanusa, akachukua plastiki akataka kuchora, kisha akaona hakuna cha kuchora. Akaandika tarehe peke yake, akaitia kwenye bahasha.

Tarishi akavaa sandali. Akasimama. Vidole vinne mguu mmoja, vitano mguu wa pili, vyote vinachungulia. Akavitazama akaguna.

"Kila jioni kabla ya kulala unatazama nini?" mke wangu akamwuliza.

"Unyayo, kwa kioo."

"Na kati ya vidole."

"Na kati ya vidole, sista. Umeshaniambia mara mia."

Akatushika mkono, kwanza mke wangu, kisha mimi. Akatengeneza kola iliyokuwa imekaa sawa. Akatoka. Mimi nikabaki nimesimama pale mlangoni namtazama anavyokwenda koridoni, polepole, kwa miguu yake yote miwili. Nilifikiri mke wangu atakuja asimame nami tumtazame pamoja mpaka apotee kwenye kona. Niligeuka kumwita.

Alikuwa ameshanawa, ameshatandika karatasi mpya kitandani. Kwenye benchi nje mama mmoja alikuwa ameinuka na mwanawe mwenye mguu ulioungua, hawana pa kupita.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "umeziba mlango."